Bomba la mgongoni la lita 16 kwa magugu ya uani: zuri, ila si kwenye mita ya mwisho

Kwa mwenye haraka: bomba la mkono la lita 16 linapata nyota 2 kati ya 5 likitumika kama lilivyotoka kwenye boksi, na nyota 4 ukishabadilisha nozeli, kufunga kidhibiti cha presha na kuacha mita moja karibu na uzio bila kupuliza. Nyota ya tano hailipati, na sababu yake ni kitufe cha kufungulia dawa, tutakifikia.

Tunachopima hapa ni aina ya bomba, chapa tunaziacha. Ni lile tangi la plastiki lenye mikanda miwili, mpini wa kupampia upande wa kushoto, mpira wa maji, fimbo yenye kitufe, na mfuko mdogo wa nozeli mbili au tatu. Wenye viwanja vidogo hulinunua pale jirani anapoanza kulalamika kwamba nyasi zao zimejaa magugu na mbegu zinarukia kwake, au pale wao wenyewe wanapochoka kung'oa yanayotoka kwa jirani. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Bomba hili limeandaliwa kwa dawa za wadudu na za kuvu. Nozeli ya koni inayokuja nayo hutoa matone madogo kama mvuke, yanayoelea na kuingia hadi chini ya majani. Dawa ya magugu inataka matone mazito yaanguke ulipolenga na yabaki hapo. Ukipuliza 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, kwa nozeli ya koni karibu na uzio, mgogoro wa "magugu yako yanaingia kwangu" utageuka kuwa "dawa yako imeniulia nyanya", na huo wa pili huwa na ushahidi unaoonekana kwa macho.

Nozeli na presha

Tone lenye kipenyo cha chini ya mikroni 150 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huchukuliwa na upepo mdogo tu. Koni chini ya presha kubwa hutoa mengi ya aina hiyo. Badala yake nunua nozeli bapa, ile inayotoa dawa kama feni. Rangi za nozeli zenye kiwango cha kimataifa zina maana: ya njano ni namba 02, hutoa lita 0.8 kwa dakika kwenye presha ya baa 3 (baa ni kipimo kilekile cha geji ya tairi). Ya bluu ni 03, lita 1.2, nyekundu ni 04, lita 1.6. Kwa nyasi za uani tunapendekeza ya bluu. Ya rangi ya chungwa, namba 01, hutoa matone madogo mno kwa kazi hii hata kama muuzaji anaisifia kwamba inaokoa dawa.

Ukiweza kuchagua, tafuta nozeli bapa iliyotengenezwa kwa kupuliza mstari mmoja, inayogawa dawa sawasawa kutoka pembeni hadi pembeni. Nozeli bapa za kawaida zimeundwa kufungwa kadhaa kwenye boriti ya trekta, kila moja ikiipanda jirani yake, hivyo kingo zake hutoa kidogo. Kwenye fimbo moja hali hiyo huacha michirizi ya magugu mazima katikati ya njia zako, na mtu hudhani dawa ni feki.

Presha ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwa kuwa mpini unapampwa kwa mkono, presha hupanda na kushuka: ukiwa na nguvu mwanzoni unatoa matone madogo, ukichoka unatoa matone makubwa na feni inajikunja. Dawa ya magugu hutosheka na baa 1 hadi 2. Kuna kivalvu kidogo cha kudhibiti presha kinachofungwa kati ya fimbo na nozeli. Cha baa 1.5 kinafaa. Kikishafungwa, dawa haitoki kabisa presha ikiwa chini ya kiwango chake, na ikizidi huruhusu kiwango kile kile tu. Kwenye baa 1.5, nozeli ya bluu hutoa lita 0.85 hivi kwa dakika. Kwa kitu kidogo kuliko kidole gumba, hakuna kingine kwenye mfumo mzima chenye faida kubwa kuliko hiki, na karibu hakuna bomba linalokuja nacho. Angalizo moja: nozeli zinazochanganya hewa na dawa ili kukuza matone nyingi huhitaji walau baa 2, kwa hiyo usizifunge pamoja na kivalvu cha 1.5.

Shika fimbo ili nozeli ya nyuzi 110 (pembe ya kufunguka kwa feni yake) iwe sentimita 50 juu ya nyasi, na ya nyuzi 80 iwe 75 hivi. Tembea moja kwa moja. Kuyumbisha fimbo kulia na kushoto kama mtu anayefyeka kunafanya sehemu nyingine ipate dozi mara mbili na nyingine isipate kitu.

Kupima kabla ya kuchanganya

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kujiamini. "Vifuniko viwili kwa bomba" si kipimo: vifuniko hutofautiana, na bomba moja linaweza kufunika eneo mara mbili ya lingine kutegemea mwendo wa anayepuliza. Fanya hivi. Weka lita 5 za maji safi. Pima eneo la mita 5 kwa 5 na ulipulize kwa mwendo wako wa kawaida. Mwaga na upime kilichobaki. Tuseme umetumia lita 0.75. Hiyo ni lita 3 kwa kila mita za mraba 100, yaani lita 300 kwa hekta.

Sasa soma lebo. Ikisema lita 2 za dawa kwa hekta, basi ni mililita 20 kwa mita za mraba 100. Uwanja wa mita za mraba 120 utahitaji mililita 24 za dawa ndani ya lita 3.6 za maji. Pima kwa sirinji, si kwa jicho. Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba tangi lililojaa linatosha mita za mraba 533, eneo ambalo nyua nyingi hazilifikii hata nusu. Changanya kinachohitajika tu. Dawa inayobaki kwenye tangi ndiyo inayoishia kumwagwa mtaroni, na mtaro huo mara nyingi unapita kwa jirani.

Angalia nozeli mara kwa mara: ishikilie juu ya jagi la kupimia kwa dakika moja. Ikitoa zaidi ya asilimia 10 kuliko ilivyokuwa mpya, tundu limelika na inabidi ibadilishwe. Ikiziba, tumia mswaki laini. Waya au pini huharibu tundu, na kuipuliza kwa mdomo ni kujilisha sumu.

Dawa gani ndani ya bomba

Bomba halina kosa kwa dawa iliyowekwa vibaya, lakini mapitio yasiyotaja dawa hayakusaidii. Kwa nyasi unazotaka zibaki, unahitaji dawa inayochagua. 2,4-D, iliyoingia sokoni miaka ya 1940, huua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi nyingi. Chagua ile ya chumvi ya amini. Ile ya esta hugeuka mvuke kwa urahisi jua likiwa kali, na mvuke huo unaweza kutoka kwenye majani hata baada ya wewe kumaliza kazi na kuingia ndani. Hakuna nozeli wala ngao inayouzuia.

Michanganyiko mingi ya dawa za nyasi ina 2,4-D pamoja na MCPP na dicamba, dawa nyingine mbili za majani mapana. Isome orodha hiyo mbele ya mti wa jirani. Dicamba hufyonzwa na mizizi, na mizizi ya mti hutambaa mbali kupita kivuli chake, chini ya uzio bila kuomba ruhusa. Mti ukikunja majani, jirani hatakumbuka kwamba wewe ulikuwa upande wako.

Glifosati haichagui. Inaua ukoka pamoja na magugu, na wanaopuliza mstari wa uzio kwa glifosati "ili kuwe safi" hupata ukanda wa kahawia unaoonekana kutoka pande zote mbili. Udongo mtupu ule ndio kitalu cha magugu mapya. Faida yake ni kwamba hushikana sana na chembe za udongo, hivyo haisafiri kwenda kwenye mizizi ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyohiyo maji ya matope huidhoofisha, na maji magumu yenye kalisi pia.

Ndago ni habari nyingine. 2,4-D haiiwezi vizuri, na kuing'oa kwa nguvu kunakata mnyororo wa vinundu chini na kila kilichobaki huchipua. Inataka dawa ya kundi lake, kama halosulfuron, na uvumilivu wa zaidi ya msimu mmoja. Usililaumu bomba.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha sheria ya mahali ulipo. Ufaransa mtu binafsi haruhusiwi kutumia glifosati bustanini kwake tangu 2019. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipiga marufuku dawa za kurembesha nyasi, 2,4-D ikiwemo, mwaka 2009. Upande wa pili wa sheria nao hauwasaidii sana wanaolalamika: sheria ya magugu ya Uingereza ya 1959 inataja aina 5 tu, na ua la njano lenye mbegu za kuruka ambalo majirani hugombania zaidi, yaani dandelioni, halimo.

Hali ya hewa

Watu hudhani alfajiri iliyotulia kabisa ndiyo salama. La. Hewa ya baridi ikilala chini ya hewa ya joto, matone madogo hayapandi wala hayatawanyiki. Hukaa pamoja kama wingu na kuteleza polepole kuelekea bondeni, mara nyingine mbali kuliko siku ya upepo. Angalia moshi wowote ulio karibu: ukilala na kutambaa, subiri. Unachotaka ni upepo mwepesi wa kilomita 3 hadi 10 kwa saa, unaotikisa majani, na unaotoka kwa jirani kuja kwako. Joto likifika nyuzi 27 na kuendelea, acha 2,4-D.

Usikate nyasi siku 2 au 3 kabla na baada ya kupuliza, kwa kuwa dawa inahitaji majani ya kuipokea na muda wa kushuka kwenye mzizi. Na usimpe jirani nyasi zilizokatwa baada ya kupuliza ili atandaze kwenye mboga. Ni wema unaoharibu kitalu cha nyanya ndani ya wiki moja. Dawa zenye clopyralid au aminopyralid ni mbaya zaidi, hubaki hata kwenye mboji.

Mita ya mwisho

Bomba hili, hata likirekebishwa vizuri, halifai kwenye mita ya mwisho kabla ya uzio. Kuna ngao ya umbo la kengele inayofungwa mwisho wa fimbo, na inasaidia mradi kingo zake ziguse ardhi. Ikiinuliwa sentimita kumi inakuwa pambo. Kwenye nyasi ndefu au kwenye mteremko hutaweza kuigusisha.

Mita hiyo ing'oe kwa mkono. Lowesha udongo siku moja kabla. Kwa magugu yenye mzizi mkuu mmoja mrefu, tumia uma mwembamba wenye meno mawili, uuingize wima pembeni ya mzizi, uulegeze kwanza ndipo uvute. Mzizi ukikatika, kipande kilichobaki kitachipua, mara nyingi na vichwa viwili badala ya kimoja. Maua yaliyokwisha kufunguka usiyaache juu ya nyasi. Dandelioni iliyong'olewa ikiwa na ua inaweza bado kukomaza mbegu. Tia kwenye mfuko. Kishonanguo nacho king'oe kabla mbegu zake hazijakauka, la sivyo utazibeba kwenye suruali na kuzipanda njia nzima.

Pale gugu linapokuwa limejisokota kwenye uzio wenyewe, kuna kifaa cha sifongo kinachopaka dawa kwenye jani badala ya kuipuliza. Lebo kadhaa za glifosati huelekeza sehemu 1 ya dawa kwa 2 za maji kwa kifaa hicho. Hakuna tone linaloruka. Kwa uzio wa mita chache kinatosha, na mwenye uwanja mdogo sana anaweza kukinunua hiki na uma, asinunue bomba kabisa.

Kinachoharibika

Cha kwanza ni kitufe cha kwenye fimbo. Kimpira cha ndani huvimba au kunaswa na chembe ya mchanga, na fimbo inaendelea kudondosha baada ya kuachia. Matokeo yake yanaonekana baada ya siku kumi: madoa yaliyokufa yenye ukubwa wa sahani, yamepangana kufuata njia uliyopita kurudi stoo. Jaribu hivi: weka maji, pampu, funga kitufe, ushikilie nozeli juu ya kadibodi kavu kwa dakika moja. Likiwepo doa, fungua kitufe, safisha kichujio kilichomo kwenye mpini, badilisha oringi (kipete cha mpira cha kuzuia kuvuja). Kivalvu cha presha tulichokitaja hupunguza sana udondoshaji, nacho ni sababu nyingine ya kukifunga.

Cha pili ni mpira wa pistoni. Mpini ukiwa mwepesi na haujengi presha, ama mpira umekauka ama kigololi cha valvu kimekwama. Paka grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka hulainisha leo na kuvimbisha baadhi ya mipira kesho. Cha tatu ni mpira wa kifuniko: ukiinama, dawa inamwagika mgongoni. Hilo ni jambo la afya kabla halijawa la nyasi, kwa hiyo usiliache hata mara moja.

Mabaki ya 2,4-D hujificha kwenye mpira wa maji na kwenye oringi. Suuza mara tatu kwa maji kidogo ukiyapuliza kwenye eneo lilelile ulilolitibu, kisha weka amonia ya nyumbani, mililita 10 kwa lita ya maji, ulaze usiku mmoja na usuuze tena. Usichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Gesi yake ni ya hatari. Hata ukisafisha hivyo, andika kwa rangi kwenye tangi MAGUGU TU, na dawa ya wadudu wa mboga iwe na bomba lake.

La betri je?

Bomba la betri hukuondolea kupampu, na mkono ulio huru unashika fimbo vizuri. Lakini pampu nyingi za volti 12 zimepangwa kukata kwenye baa 4 hivi, juu mno kwa kazi hii. Bila swichi ya kupunguza kasi, au kivalvu, ni kiwanda cha matone madogo. Pia ni zito zaidi. Kwa chini ya mita za mraba 300 hatuoni sababu.

Jirani akikuonyesha jani

Likitokea, angalia kabla ya kukubali au kukana. 2,4-D na dicamba hukunja machipukizi mapya: jani la nyanya linakuwa jembamba kama kamba, shina linapinda, mishipa inasimama sambamba. Huonekana ndani ya siku chache. Glifosati hukawia wiki moja au mbili na huanza na unjano kwenye ncha zinazokua. Virusi vya nyanya huweza kufanana na 2,4-D, lakini virusi huchagua mmea huu na kuuacha ule, ilhali dawa iliyopeperuka huumiza zaidi mimea iliyo karibu na uzio na kupungua kadiri unavyokwenda ndani, na hugusa aina tofauti za mimea kwa pamoja. Tembeeni wote wawili kutoka uzioni kwenda ndani mkiangalia.

Kwa hiyo kila upulizapo, andika tarehe, saa, jina la dawa, kiasi, rangi ya nozeli, na upepo ulikotoka. Mwambie jirani siku moja kabla, ili afunge mbwa, aanue nguo na afunike mboga zake. Na usitarajie bomba limalize mgogoro ikiwa nyasi zako ni chache na zimekonda: mbegu zitaendelea kuja kwa upepo, na zinaota pale jua linapofika kwenye udongo. Nyasi za maeneo ya baridi ziache kwenye sentimita 6 hadi 8, ukoka 2.5 hadi 4, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja.

Ukienda kununua, omba maji dukani. Pampu, funga kitufe, inamisha tangi kama unayefunga kamba za viatu. Ikidondosha nozelini au kwenye kifuniko, chukua jingine. Uliza kama wanauza oringi, mpira wa pistoni na kichujio cha bomba hilo hilo peke yake. Wasipokuwa navyo, usilichukue hata likiwa zuri.